Mbwa Anayejitahidi

Tulikuwa tumeshaingia barabara ya kando ya tuta la kuzuia bahari, nyumba ya Theda Onnen imebaki paa jekundu tu nyuma ya miti, na mjukuu wangu Tomma amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, anatazama tulikotoka. Hakuwa analia. Angelia ningevumilia. Alikuwa ameubandika mkono kwenye kioo, ametulia hivyo hivyo, kama mtu anayezuia mlango usifungwe.

"Kaa chini, Tomma. Mkanda," alisema baba yake, Rüdiger, macho barabarani.

"Hata chai hatujamaliza," nikasema mimi.

"Baba, tafadhali usianze." Huyo alikuwa binti yangu Gesine, amekaa mbele pembeni ya mumewe, mkoba magotini, utadhani yuko kwenye basi na kituo chake kinakaribia.

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Magoti yangu mabovu yalikuwa yamebanwa na kiti cha Rüdiger, na nasema kweli, kisingekuwepo kile kiti kati yetu ningemshika shingo. Nimezunguka maisha yangu yote na bembea la farasi wa mbao, mji hadi mji, maonyesho hadi maonyesho, nikigombana na polisi, na mvua, na walevi. Sikumbuki kukasirika kama nilivyokasirika mchana ule, juu ya mbwa.

Mtoto huyu alikuwa anaogopa mbwa. Sisemi ile hofu ya kujificha nyuma ya mama halafu anachungulia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, nje ya duka la mikate, dubwana la mbwa la mtu fulani lilimrukia, likamwangusha chali, likasimama juu ya kifua chake likimlamba uso mzima. Halikumng'ata. Mwenyewe alisimama kando anacheka, "Anacheza tu! Anawapenda mno watoto!" Tangu siku hiyo Tomma hakwenda tena shule peke yake. Na kwetu mtoto wa darasa la pili anayesindikizwa mpaka mlangoni ni kichekesho. Wenzake walimpa jina, Kifurushi. "Kifurushi kimefika! Nani atie sahihi?" Gesine aliyasikia hayo kila asubuhi akarudi nyumbani amekaza meno.

Daktari wa watoto akasema, mtafutieni mbwa mtulivu, akae naye nyumbani, mwacheni mtoto amwendee mwenyewe kwa wakati wake. Basi tukazunguka majira yote ya joto kuangalia mbwa. Kila tulikokwenda Tomma aligoma kushuka kwenye gari, na Rüdiger alishuka na maswali yake: umri, uzao, chanjo, wazazi wa mbwa, wazazi wa wazazi. Angeweza kuwauliza mbwa wenyewe dini yao angeuliza.

Kwa Theda mtoto alishuka.

Theda alikuwa anauza ng'ombe wake wote. Nyonga zimekataa, mume amekufa, mwanawe ni wakili mjini na hataki kusikia habari ya zizi. Ng'ombe walishapata wanunuzi. Amebaki mbwa, jike la rangi ya maziwa na kahawia, jina lake Lüntje, maana yake shomoro. Tulipoingia jikoni mbwa alikuja mpaka kizingitini, akamwona mtoto amejikunja nyuma yangu, akalala pale pale, kidevu sakafuni, akageuzia macho ukutani kana kwamba ukuta una habari nzuri zaidi. Wakati Theda anamimina chai, na bonge la sukari linapasuka kikombeni kama desturi ya huku, nilihisi shati langu limeachiwa. Tomma alikaa sakafuni. Akajisogeza kwa makalio, kidogo, akasimama, kidogo tena. Gesine hakupumua. Mwishowe mtoto akanyoosha mkono akamgusa mbwa mgongoni, na mbwa hakufanya kitu. Akapumua tu, mkono wa mtoto ukapanda ukashuka.

Hapo ndipo Rüdiger alipofungua kinywa: "Na watoto yukoje?"

Theda akafikiri. Watu wa huku hufikiri kwanza. "Si mbaya," akasema. "Na watoto anajitahidi."

Rüdiger akaweka kikombe chini. Uso wake ukafungwa kama dirisha la ofisi saa ya chakula. "Asante sana kwa muda wako, Bi Onnen. Tutashauriana." Akainuka, akamnyanyua mtoto kwa kwapa, na kabla sijajua nimevaaje koti tulikuwa garini.

"Haya, niambie," nikamwambia kule kwenye tuta, "mbwa yule amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Mwenye mbwa ndiye aliyesema hafai."

"Nani? Wapi? Nilikuwa chooni?"

"Mzee, ulikuwepo. Nimemwuliza, na watoto yukoje. Kajibu nini? 'Anajitahidi.'" Akaupiga usukani kwa kiganja. "Anajitahidi!"

Sasa lazima mjue kazi ya mkwe wangu. Yuko ofisi ya wafanyakazi katika kiwanda cha fremu za madirisha, na ndiye anayewaandikia cheti wanaoondoka. Kwetu kila anayeacha kazi hupewa cheti cha sifa, na sheria hairuhusu kumchafua mtu ndani yake. Basi wenye ofisi wakajitungia lugha yao. Mtu hodari huandikwa kwamba alitimiza kazi "daima kwa kuturidhisha kikamilifu kabisa." Ukiondoa daima, ameshuka. Ukiondoa kabisa, ameshuka tena. Na yule ambaye hafai hata kushika ufagio huandikwa kwamba alijitahidi. Hakuna asiyelijua neno hilo. Nimewaona wanaume wazima wakilisoma mezani jikoni kwao wakaenda kujifungia bafuni.

"Mimi mtu akiniambia fulani alijitahidi," akasema Rüdiger, "nasikia: usimchukue, ametutesa. Mbwa aliyejitahidi na watoto ni mbwa aliyeng'ata mtoto."

"Kwani Theda ni meneja wa kiwanda? Ni mfuga ng'ombe!"

"Ana mtoto wakili. Ana mashine ya kukamulia inayomtumia ujumbe kwenye simu. Usiniletee habari za mwanamke wa shambani asiyejua lugha. Anajua anachosema, ameogopa tu kusema moja kwa moja."

"Theda Onnen aogope? Huyo alimfukuza padri kwa reki!"

"Na 'si mbaya'? Hilo nalo ulilisikia? Si mbaya! Nani ananunua kitu ambacho si kibaya?"

"Kwa watu wa huku si mbaya ndiyo sifa ya mwisho! Ukivuka hapo umeingia kwenye kusali!"

"Mimi ni mtu wa Kassel, si wa huku. Kwetu kizuri kinaitwa kizuri."

Gesine akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Siku ya kwanza nilipokupeleka kwa shangazi Meta, ulipotoka kuvuta sigara alisema nini?"

"Alisema mimi si mbaya. Nilisikia dirishani. Niliendesha mpaka Kassel nimenuna."

"Alikuwa anakusifu, Rüdiger. Hakumsifu mtu hivyo tangu amzike mumewe."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Nilidhani umefurahi!"

Mitambo ya upepo ilikuwa inapita mmoja mmoja upande wa baharini. Rüdiger akatia gia, akasema kwa sauti ya kuwatuliza wateja, "Kule Oldenburg tunasubiriwa. Yule mama kwenye simu alinieleza vizuri kabisa. Mbwa wake anawapenda watoto kupita kiasi. Daima. Popote. Hayo ndiyo majibu."

"Na lile dubwana la duka la mikate lilipenda watoto kupita kiasi pia," nikasema. "Daima na popote. Lilimpendea kifuani."

"Baba!"

"Nisianze? Nimeanza!"

Tomma akageuka kutoka kwenye kioo.

"Baba, mwalimu alisema mimi najitahidi."

"Nini?"

"Kwenye hesabu. Na kwenye michezo. Alisema mbele ya Mama."

Rüdiger akamtazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

"Kwa hiyo na mimi nimemng'ata mtu?"

Rüdiger aliendesha kidogo, halafu akaingiza gari kwenye njia ya trekta, akazima injini. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilidhani sasa ataelewa. Lakini yule ni mtu ambaye akipotea njia humlaumu aliyechora ramani.

"Sawa," akasema. "Tunarudi. Nitamwuliza tena, waziwazi, naye anijibu waziwazi. Akijibu vizuri, tunamchukua. Asipojibu, Oldenburg."

Theda alikuwa ameshaondoa vikombe anafuta meza. Gari halijasimama vizuri Tomma alikuwa chini, anakimbia. Mtoto ambaye majira yote ya joto tulimbembeleza afungue mlango wa gari! Akaingia jikoni, akapita pembeni ya Theda, akaenda alipokuwa mbwa.

"Mmesahau kitu?" akauliza Theda.

"Bi Onnen, samahani," akasema Rüdiger, amesimama katikati ya jikoni bila kuvua viatu. "Nina swali moja, nataka jibu la wazi. Mbwa huyu ni mzuri na watoto? Ndiyo au hapana?"

"Nimeshajibu."

"Ulisema anajitahidi."

"Sasa?"

"Anajitahidi anaweza, au anajitahidi anashindwa?"

"Anajitahidi ni anajitahidi."

"Basi mpe alama. Moja mpaka sita, kama shuleni. Moja ni bora kabisa."

Theda akanigeukia mimi, akaniita kwa jina langu. "Hayo, huyu mkweo ni mzima?"

"Si mbaya," nikasema.

Hakucheka. Alitupa kitambaa kwenye sinki, na hapo nikaona kwamba tangu tulipoondoka na yeye alikuwa anachemka peke yake.

"Sikiliza, kijana. Umeingia kwangu, nimekuwekea chai, umekunywa kikombe kimoja ukainuka. Kimoja! Hata mkaguzi wa maziwa anakunywa vitatu, na yule nilikuwa namchukia. Umembeba mtoto umetoka mbio kama nyumba yangu inanuka. Sasa umerudi unataka nimpigie mbwa debe kama muuza sufuria? Simpigii. Mbwa simtoi kwa watu wanaoinuka."

"Chai!" Rüdiger akapaza sauti. "Nazungumzia meno kwenye uso wa mwanangu, wewe unahesabu vikombe!"

Hapo alikuwa na haki, na ndiyo iliyozidi kunikera, kwamba mpumbavu naye ana haki. Nikamgeukia Theda. "Kwani utapungukiwa nini? Sema ni mzuri! Neno moja tu, tuende zetu!"

"Nisilolijua silisemi, Hayo! Mbwa ana meno. Leo niseme ni mzuri, kesho mtu amkanyage mkia ang'atwe, nani mwongo? Nimesema nilichokiona. Wajukuu wangu wanamvuta masikio, anainuka, anatoka nje, anatulia, anarudi. Kesho wanamvuta tena, anatoka tena, anarudi tena. Hapendi! Nani anapenda kuvutwa masikio? Lakini anajitahidi. Kila siku ya Mungu anajitahidi. Wewe mwanao umeshamfundisha hivyo?" Alimwelekezea Rüdiger kidole. "Wewe mwenyewe unaweza?"

"Usinifundishe kulea!"

"Usinifundishe kusema!"

"Nyie wawili ni wapuuzi!" nikapiga meza, vijiko vikaruka. "Mmoja hasikii, mwingine hasemi! Mtoto amekaa mwaka mzima anaitwa Kifurushi, leo amegusa mbwa, na mnagombania tafsiri!"

Tulikuwa watatu tunapiga kelele kwa mpigo, kila mtu ana lake. Nilimtaja shangazi Meta. Theda alimtaja padri. Rüdiger alitaja sheria ya wanyama, Mungu anajua ipi. Mpaka Gesine akasema, taratibu, "Tomma yuko wapi?"

Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na benchi la kuvulia viatu. Mbwa alikuwa ameingia chini yake tangu kelele zilipoanza, kwa sababu hakuzipenda. Na mtoto alikuwa ameingia naye. Wamelala huko kati ya buti za zizini, Tomma ameweka kichwa ubavuni mwa Lüntje, ameziba masikio yake kwa mikono. Alikuwa anatuogopa sisi.

Mtu mwenye akili angekaa kimya. Rüdiger aliinama akamshika mguu.

"Toka huko. Tunaondoka."

Tomma alipiga yowe. Rüdiger akavuta. Mbwa hakusogea hata kidogo, hakuonyesha meno, alitoa mngurumo mmoja tu wa chini, ule wa kusema nimekuona.

"Mmesikia!" Rüdiger akageuka, uso mweupe, mguu wa mtoto bado uko mkononi. "Mmesikia au hamkusikia? Amenguruma! Ndicho nilichosema! Ndicho hasa!"

"Nimesikia," akasema Gesine. "Mwachie mguu."

"Gesine, mbwa amenguruma karibu na—"

"Kwa sababu unamvuta mtoto kama gunia. Mwachie mguu, Rüdiger, la sivyo nitanguruma mimi."

Binti yangu amezaliwa kwenye gari la maonyesho, kati ya miji, mvua inanyesha. Watu humwona mpole kwa sababu anasema kidogo. Niliiona ile shingo yake imesimama nikarudi nyuma mwenyewe. Rüdiger akauachia mguu.

Gesine akavua glavu, akamnyooshea Theda mkono. "Mimi namchukua."

Kwetu kwenye mifugo mkono ni mkono. Mkishikana, imekwisha, hata mahakama itakucheka. Kwa hiyo Rüdiger alijua vizuri kinachofanyika. "Hatujakubaliana," akasema. "Gesine, hatujakubaliana!"

"Utakubali garini. Una njia nzima."

Theda aliutazama ule mkono, hakuushika. "Nimesema. Simtoi kwa watu wanaoinuka."

Nilitaka kulia kwa hasira. Gesine hakushusha mkono. Wakatazamana.

"Basi tukae," akasema Gesine.

Na tukakaa. Sijawahi kunywa chai ya namna ile. Theda alitoa tena vikombe, akaweka sukari, akamimina, akadondosha krimu pembeni kwa kijiko, bila kumtazama mtu. Rüdiger alikunywa kama anayemeza dawa, koti mwilini, amefura. Kikombe cha pili. Saa ya ukutani ilisikika, na chini ya benchi pumzi za wawili. Nilimwona Rüdiger anafungua kinywa, Gesine akamtazama, akakifunga. Kikombe cha tatu kilikuwa cha moto, aliunguza ulimi, akaendelea kunywa. Nami nilikuwa na maneno mengi, nikayameza pamoja na sukari.

Sote tulipolaza vijiko vikombeni, ishara ya huku kwamba umetosheka, Theda alifuta mkono kwenye aproni akaushika wa Gesine, akautikisa mara moja.

"Asubuhi hapendi kusumbuliwa kabla hajala," akasema. "Na mtu akimpigia kelele, atatoka nje. Mfungulieni mlango."

Safari ya kurudi nyumbani Rüdiger hakuzungumza na mtu yeyote, na Tomma alikaa sakafuni mwa gari na mbwa, bila mkanda, wala hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Lüntje aliishi nao mpaka uzeeni. Alimng'ata mtu mara moja, msoma mita, mkononi, jeraha dogo, na Rüdiger ndiye aliyekwenda kuomba radhi. Tomma alianza kwenda shule na mbwa, mama yake akifuata kwa mbali, baadaye bila mama, baadaye bila mbwa. Akiona mbwa wengine bado huvuka barabara kuwakwepa. Anafanya kazi Bremen, kwa fundi wa meno ya bandia. Theda alihamia kwa mwanawe, kwenye ghorofa ambayo mbwa hawaruhusiwi, akafa kwa ugonjwa wa moyo. Gesine na Rüdiger waliachana. Rüdiger husema ni kwa sababu ya mbwa, Gesine husema si kwa sababu ya mbwa. Rüdiger amerudi Kassel na bado anaandika vyeti. Mbwa wa Oldenburg sijui alichukuliwa na nani. Mimi nilirudi barabarani magoti yalipopata nafuu, nikauza lozi za kukaanga kwenye maonyesho kwa misimu kadhaa, kisha magoti yakakataa kabisa. Sasa niko nyumba ya wazee Emden, chumba cha chini, dirisha linatazama maegesho ya magari.